Tundu Dogo la Injini ya Dizeli

Wasikilizaji, mazungumzo yetu ya leo ni habari za injini ya dizeli, ile iendeshayo malori, meli na mashine za kusaga nafaka. Watu wengi huistaajabia ngurumo yake na uzito wa chuma chake. Lakini ukiichungua vema historia yake, utaona kuwa ni historia ya tundu dogo, nalo ni lile la kuingizia mafuta.

Aliyeibuni ni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Katika siku zake injini ya mvuke ilipoteza bure sehemu kubwa ya joto la makaa. Diesel akafikiri hivi: hewa ikisindikwa hupata joto, kama ajuavyo kila atiaye upepo katika gurudumu la baisikeli. Basi ikisindikwa sana, itayawasha mafuta pasipo cheche. Mwezi wa Februari 1897, mjini Augsburg, Profesa Moritz Schröter aliipima injini yake, ikaonekana kuwa yageuza zaidi ya robo ya joto la mafuta kuwa kazi.

Ikabaki shida moja. Hewa iliyosindikwa ndani ya silinda huyasukuma nje mafuta yatakayo kuingia. Tena hayana budi kuingia kama ukungu, maana tone kubwa haliungui likaisha, bali hutoa moshi mweusi. Diesel hakupata pampu ya kufaa, akatumia hewa nyingine iliyosindikwa zaidi ili kuyapuliza. Njia hiyo ilifaulu, lakini mtambo wa kuisindika hewa ile ulikuwa mzito, nao ulikula sehemu ya nguvu ya injini. Kwa hiyo dizeli ikakaa viwandani na melini, kama katika Selandia ya Denmark, mwaka 1912. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913, akisafiri kwa meli kutoka Antwerp kwenda Uingereza, Diesel alitoweka baharini. Hakujaliwa kuiona injini yake ikienea barabarani.

Wengine wakaendelea. Huko Uingereza, James McKechnie wa kampuni ya Vickers alikuwa amekwisha kubuni, mwaka 1910, njia ya kuyasukuma mafuta yenyewe pasipo hewa. Mwaka 1922 Robert Bosch wa Stuttgart aliwatia mafundi wake kazini watengeneze pampu ndogo ya namna hiyo, na mwaka 1927 ikaanza kutolewa kwa wingi. Ndipo dizeli ikaenea katika malori, na mwaka 1936 ikaingia katika motokaa ya abiria, Mercedes-Benz 260 D.

Lakini msukumo mkubwa una adhabu zake. Mafuta yapenyapo katika nafasi nyembamba husuguana na chuma, yakapata joto, kama viganja visuguliwavyo. Yakipata joto huwa mepesi, huvuja zaidi, na kipimo chake hubadilika. Tena mkondo ukibanwa kwa ghafula mlangoni mwa tundu, msukumo hushuka mahali pale, mafuta yakageuka mapovu ya mvuke. Mapovu hayo yapasukapo karibu na chuma hukitafuna kidogo kidogo, hata chuma kigumu kikachimbika.

Mafundi hawakurudi nyuma. Tangu miaka ya 1990 yameenea mabomba ya pamoja yanayoweka mafuta tayari kwa msukumo, na siku hizi msukumo huo hupita mara 2,000 ya ule wa hewa ituzungukayo. Na tundu lenyewe huwa na upana wa karibu moja ya kumi ya milimita.

Hapa pana funzo kwa kila mwenye mashine. Chembe ya mchanga isiyoonekana kwa macho yaweza kukikwaruza kile ambacho watu wenye akili walikihangaikia kwa miaka mingi. Basi chujeni mafuta, fungeni mapipa, badilisheni vichujio kwa wakati wake. Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.