Maji moto (chungu wa mikorosho)

Maji moto, ambaye wataalamu humwita *Oecophylla longinoda*, ni chungu mwekundu mwenye kuuma vikali anayeishi juu ya miti katika mashamba na viwanja vya nyumba vya pwani ya Mtwara, ikiwemo Kilambo kando ya mto Ruvuma. Kiota chake hujengwa kwa majani mabichi yanayovutwa pamoja na kushonwa kwa nyuzi za hariri zinazotoka kwa mabuu, yaani watoto wa chungu, ambao chungu wakubwa huwashika mdomoni na kuwapitisha ukingoni mwa majani. Mwindaji huyu huwafukuza mbu wa mikorosho na mbu wa minazi, wadudu ambao, licha ya jina lao, hawafyonzi damu bali utomvu wa machipukizi na matunda machanga.

Mwenye bustani humkaribisha kwa kuchanganya mikorosho, miembe, minazi na michungwa, kwa kuunganisha miti kwa kamba ili chungu wavuke bila kushuka ardhini, ambako hushambuliwa na chungu wengine wadogo, na zaidi ya yote kwa kuacha viuadudu, ambavyo huua rafiki pamoja na adui. Kero zake si ndogo: humuuma mchumaji, na hulinda wadudu gamba kwa ajili ya umajimaji wao mtamu. Hata hivyo mbinu hii ya kulinda miti kwa chungu ni kongwe. China ilitumia jamaa wa maji moto katika michungwa tangu karne ya 4.