Kinda wa Buluu wa Shimanzi

Msafiri aingiaye kisiwa cha Mombasa kwa njia ya Makupa haendi mbali kabla ya kufika Shimanzi, ingawa yamkini hatatamani kupatazama mara mbili. Ni mahali pa mabohari na matangi ya mafuta, pa njia za garimoshi na malori yasiyokwisha, karibu na bandari ya Kilindini. Harufu ya mafuta huko huchanganyika na ya majani ya chai na ya nafaka. Ndege wa mahali hapo ni njiwa waokotao punje zimwagikazo magunia yanapopakuliwa, na kunguru wenye shingo za kijivu ambao asili yao ni Bara Hindi, na ambao waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 wakaenea pwani nzima.

Lakini jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa fundi wa mabehewa, alikuwa na ndege wa namna nyingine. Barazani kwake yalitundikwa matundu ya waya, na ndani yake walikaa kasuku wadogo wa Australia, ambao wafugaji huwaita baji. Baji ni ndege mwenye urefu wa sentimita 18 hivi, na karibu nusu ya urefu huo ni mkia. Rangi yake ya asili ni chanikiwiti kifuani na tumboni, manjano usoni, na mistari myeusi kisogoni na mgongoni. Dume na jike hutambulikana kwa ngozi iliyo juu ya mdomo, penye matundu ya pua: aghalabu ya dume mzima ni ya buluu, na ya jike ni ya kahawia.

Mzee huyo alikuwa na dume mmoja wa buluu, ambaye alimpenda kuliko wote. Dume huyo alikuwa amezaa na jike wa kijani, na makinda wao wote walitoka kijani. Jike huyo alipokufa, mzee akamnunulia dume wake mke mwingine wa buluu. Wale vijana wawili wa kijani, dume na jike, akanipa mimi kwa kuwa nilikuwa nikimsaidia kufagia chini ya matundu. Nikawatengenezea kisanduku cha mbao za makasha ya chai, nikawapa mawele, na mfupa mweupe wa ngisi uokotwao ufuoni ili wanoe midomo yao. Baada ya miezi kadhaa jike akataga mayai matano, moja kila baada ya siku mbili, akaatamia. Siku ya kumi na nane yai la kwanza likapasuka. Wakaanguliwa wanne. Manyoya yalipoanza kuota, watatu walikuwa kijani kama wazazi wao. Wa nne alikuwa buluu.

Juma lile lile kinda mmoja wa buluu alipotea katika tundu la mzee.

Sikumbuki kama mzee alipaza sauti. Nakumbuka kwamba alikuja kwetu, akafungua kisanduku, akatazama, kisha akamwambia baba mbele yangu, "Kijani kwa kijani hawazai buluu." Baba hakuwa na la kujibu, wala mimi sikuwa nalo. Kinda akachukuliwa, na kwa muda wa mwaka mzima watoto wa mtaa waliniita mwizi. Nimeisimulia habari hii kwa kuwa neno lile la mzee ndilo lililokuwa neno la wafugaji wengi wa dunia kwa karibu miaka hamsini, na historia ya jinsi lilivyopinduliwa yastahili kujulikana.

Baji wa porini huishi katika nyika kame za Australia, wakiruka kwa makundi makubwa kufuata mvua na mbegu za nyasi. Mwaka wa 1840 mtaalamu wa ndege John Gould alirudi Uingereza kutoka huko akiwa na baji walio hai. Walistahimili safari, wakakubali kula mbegu kavu, tena wakazaa tunduni bila shida. Haukupita muda mrefu kabla ya meli kuwaleta Ulaya kwa maelfu. Wote walikuwa kijani.

Basi ndipo lilipoanza jambo ambalo porini ni nadra kuonekana. Ndege wa kundi kubwa huchagua mwenzi miongoni mwa maelfu, lakini ndege wa tunduni huozwa aliye karibu, na mara nyingi aliye karibu ni ndugu yake. Katika miaka ya 1870 wakaonekana baji wa manjano. Kabla ya mwaka wa 1882 wakatokea wa buluu huko Ubelgiji. Walikuwa wachache mno, hata mwaka wa 1910 walipoonyeshwa London watu walisongamana kuwatazama. Baadaye Wajapani wenye mali wakashikwa na tamaa ya ndege hao, na katika miaka ya 1920 bei ya baji mmoja wa buluu ikapanda hata kuzidi pauni mia moja. Tamaa ile ikapoa ghafla, na bei ikaporomoka pamoja nayo, kama ilivyo desturi ya bidhaa inunuliwayo kwa sifa tu.

Wafugaji wa zama zile walijua jambo moja tu kwa hakika: ukimwoza wa buluu kwa wa kijani, buluu hutoweka. Wengi walidhani imekufa. Waliwauza makinda wa kijani kwa bei ya chini, wasijue wanauza nini.

Jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa zamani, wala halikuhusu ndege. Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, alipanda njegere katika bustani ya nyumba ya watawa, akahesabu. Alipozichanganya njegere za punje za manjano na za punje za kijani, kizazi cha kwanza chote kilikuwa manjano. Alipokiacha kizazi hicho kizae chenyewe kwa chenyewe, akapata punje 6,022 za manjano na 2,001 za kijani, yaani karibu tatu kwa moja. Mendel akaeleza kwamba kila mmea hubeba sehemu mbili za kila sifa, moja ya baba na moja ya mama. Sehemu moja yaweza kuifunika nyingine, lakini haiiui. Aliyasoma hayo mbele ya wenzake mwaka wa 1865, yakachapwa mwaka wa 1866, na hakuna aliyeyajali hadi mwaka wa 1900, naye alikuwa ameaga dunia miaka kumi na sita kabla.

Aliyeichukua hesabu hiyo akaipeleka katika matundu ya baji kwa bidii kubwa alikuwa mwalimu wa shule, Hans Duncker wa mji wa Bremen, Ujerumani. Mfanyabiashara tajiri, Carl Cremer, alimpa ndege wake wengi wa kufanyia majaribio. Katika miaka ya 1920 Duncker alionyesha kwamba buluu ya baji hurithiwa kama kijani cha njegere za Mendel. Haifai kuficha upande wa pili wa mtu huyu. Duncker alidhani kwamba binadamu nao wapaswa kuchaguliwa na kupangwa kama ndege wa maonyesho, akaihubiri imani hiyo, akajiunga na chama cha Nazi. Hesabu yake ya ndege ilikuwa sahihi. Rai yake juu ya watu ilikuwa batili na ya kuogofya, na wala haikutokana na hesabu ile.

Sasa na tuitazame rangi yenyewe, kwa maana hapa ndipo penye ajabu. Unyoya wa baji hauna chembe hata moja ya rangi ya buluu. Una rangi mbili tu: manjano iliyo sehemu ya nje, na nyeusi, iitwayo melanini, iliyo ndani. Kati ya hizo kuna tabaka lenye vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo hurudisha nuru ya buluu na kuacha nuru nyingine ipite ikamezwe na weusi. Buluu hiyo ikipita katika manjano, jicho huona kijani. Iondoe manjano, utaona buluu. Uondoe weusi na kuiacha manjano, utapata ndege wa manjano mwenye macho mekundu. Ondoa vyote viwili, naye atakuwa mweupe kabisa. Msomaji aweza kulihakiki jambo hili mwenyewe. Aokote unyoya wa buluu ulioanguka chini ya tundu, auinue baina ya jicho lake na jua: buluu itatoweka, utaonekana wa rangi ya kahawia iliyofifia.

Kwa hiyo baji wa buluu hakuongezewa kitu. Amepungukiwa. Mwaka wa 2017 wataalamu walitangaza kwamba upungufu huo hutokana na badiliko la herufi moja tu katika jeni inayotengeneza rangi ya manjano. Ndege aliyerithi jeni mbovu kwa mzazi mmoja na nzima kwa mwingine bado hutengeneza manjano, naye huwa kijani asiyetofautika na kijani mwingine kwa macho. Tumwite mbebaji. Wabebaji wawili wakizaana, kwa wastani katika kila makinda wanne mmoja atakuwa kijani halisi, wawili wabebaji, na mmoja buluu. Nasema kwa wastani, kwani kila yai ni bahati yake: makinda wanne waweza kuwa kijani wote, au wawili kati yao wakawa buluu.

Si kila rangi hufuata njia hiyo. Ile ya manjano yenye macho mekundu hufuata jinsi. Kwa ndege, dume ndiye mwenye kromosomu mbili za jinsi zinazofanana, na jike anayo moja tu ya namna hiyo, ambayo ameipata kwa baba yake. Ndiyo maana dume wa kijani aliyebeba rangi hiyo, hata akiozwa jike wa kijani halisi, aweza kuzaa majike wa manjano, lakini madume wao wote watakuwa kijani.

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Australia pekee. Katika nyanda za ndani za Tanganyika huishi cherero, kasuku wadogo wenye mkia mfupi ambao hukaa wawili wawili wakichakurana manyoya mchana kutwa. Mmoja wao ana kichwa cheusi, mdomo mwekundu, ukosi wa manjano na mwili wa kijani. Mjerumani Reichenow alimweleza kitaalamu mwaka wa 1887. Mwaka wa 1927, katika shehena ya ndege hao waliopelekwa Uingereza, alikuwamo mmoja mwenye ukosi mweupe na mwili wa buluu. Hakuzaliwa tunduni. Alitegwa porini, akiwa amezaliwa na wazazi ambao yumkini walikuwa kijani wote wawili. Akawekwa katika bustani ya wanyama ya London na kuzalishwa, na cherero wa buluu wakaenea duniani. Wauzaji wengi leo hawajui kwamba asili ya ndege huyo ni nchi ya jirani yetu.

Nduguye, cherero wa Fischer, alipata mkasa mzito zaidi. Katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa kasuku wa porini waliouzwa kwa wingi kabisa duniani, na idadi yake huko kwao ikapungua. Tofauti ya ndege wa aina hiyo na baji ni kubwa, na mfugaji kijana aijue: baji wa tunduni ni wa ukoo uliozaliwa tunduni kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini kila cherero aliyetegwa ni mmoja aliyepunguzwa porini. Wengine walitoroka au kuachiliwa, na vizazi vyao huruka leo Naivasha, Tanga, Dar es Salaam na hata hapa Mombasa. Huko Naivasha aina hizo mbili zimezaana hata imekuwa taabu kusema huyu ni nani.

Mimi nilifundishwa habari za Mendel nikiwa kidato cha tatu. Mwalimu alipochora ubaoni mraba wenye vyumba vinne, sikuona njegere. Niliona kisanduku changu cha mbao za chai. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa mzee, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu na macho yake yamepungua nguvu. Nikaomba sinia na mawele kidogo. Punje nzima nikaiita manjano, punje iliyomenywa nikaiita upungufu. Nikampangia dume wake wa buluu, punje mbili zilizomenywa. Na jike wake wa kwanza wa kijani, punje mbili nzima. Nikamtaka aniambie makinda wao watakuwa na nini. Akapapasa sinia kwa kidole, akatoa moja huku na moja huku. "Mmoja mmoja," akasema. "Wote sawasawa."

"Hao ndio wawili ulionipa, mzee."

Akawapanga tena wale wawili, polepole, bila msaada wangu, akapata mafungu manne. Fungu la mwisho lilikuwa na punje mbili zilizomenywa. Akalifunika kwa kiganja, akakaa kimya kitambo, kelele za malori zikipita nje.

"Basi yule alikuwa mjukuu wa dume wangu," akasema.

"Naam, mzee."

"Na yule wangu aliyepotea?"

Hilo sikuweza kumjibu. Baraza lake lilielekea njia, na kunguru wa Shimanzi walikuwa wengi wakati ule kama walivyo leo.