Unaenda kupiga kambi Gombe au Mahale? Weka hivi kwenye kisanduku cha dawa

Hifadhi ya Gombe, iliyoanzishwa 1968, haina barabara ya kuingilia. Wengi hupanda boti Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Mahale, ya 1985, iko mbali zaidi kusini, na ndani ni kutembea kwa miguu tu. Mtu akijikata usiku ziwa likiwa limechafuka, kumfikisha Hospitali ya Maweni mjini Kigoma kunasubiri kukuche. Kisanduku kidogo cha huduma ya kwanza lazima kimvushe hadi hapo.

Begi la kitambaa lenye msalaba linapendeza, ila kwenye boti litalowa. Kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana linatosha.

Majeraha mengi ufukweni ni ya mawe na ndoano. Weka gozi, bandeji, plasta, glovu, mkasi, kibano, kipande cha sabuni na iodini. Pamba isikae juu ya kidonda, nyuzi zake hunasa. Damu ikitoka nyingi, kandamiza kwa gozi bila kufunuafunua.

Kwa kuhara, beba pakiti kadhaa za ORS, vidonge vya kutibu maji na chupa ya lita moja. Pakiti nyingi huchanganywa na lita moja kamili, na kukadiria kwa kikombe ndiko watu wanakokosea.

Kigoma ina malaria. Chandarua chenye dawa na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu ni lazima, kipimajoto pia. Panadol inashusha homa, haitibu malaria. Homa ikipanda, safari ya kupima ianze. Dawa mseto usimeze kwa kubahatisha, ongea na daktari kabla ya kuondoka.

Mwenye pumu, presha au kisukari abebe dawa zake za ziada, nusu kwenye kopo, nusu mfukoni. David Livingstone, yule wa Ujiji, aliibiwa sanduku lake la dawa Januari 1867. Alikuwa nalo moja tu. Alipofika Ujiji 1869 alikuwa mgonjwa hoi.

Wembe wa kuchanjia nyoka akiuma acha nyumbani. Tanganyika ina swila wake wa majini, anayejificha kwenye miamba. Akiuma mtu, usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Mtulize, funga kiungo na kijiti kisitikisike, tafuta boti.

Ongeza barakoa. Hii ni kwa ajili ya sokwe, maana mafua ya binadamu yanaweza kuwaua. Mgeni mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia.

Mwisho, andika namba za ofisi ya hifadhi na za mwenye boti kwenye karatasi, ubandike ndani ya mfuniko. Simu huisha chaji.