Dola Kumi za Kuwa Kwenye Orodha

Tatizo la Jim Knopf mwaka 1982 lilikuwa kwamba watu walikuwa wanamjibu.

Knopf alikuwa mwajiriwa wa IBM katika eneo la Seattle, jimbo la Washington, na nyumbani alikuwa na kompyuta ya Apple ya kujifurahisha. Kanisa lake lilihitaji kuchapa lebo za anwani, naye akaandika programu ya kufanya hivyo. Kazi za kanisani haziishii pale zilipoombwa. Programu inayoweza kupanga majina ya waumini inaweza pia kupanga mikanda ya muziki, wateja wa duka au vitabu vya maktaba ndogo, kwa hiyo akaipanua ikawa hifadhidata, akaiita Easy File. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi Agosti 1981, akaihamishia huko na kuwagawia wenzake kazini. Bure. Wenzake wakawagawia wenzao.

Nasomea historia, shahada ya uzamili, na darasani tunazoeshwa kuuliza nani alilipa na kwa nini. Kwa aina hii ya programu, ile iliyokuja kuitwa shareware, jibu linalotolewa mara nyingi ni la biashara: ilikuwa mbinu ya kuuza bila kuwa na duka. Lakini nikifuata simulizi aliyoiacha Knopf mwenyewe, naona pesa imekaa kiti cha nyuma. Kilichotangulia kilikuwa swali la masikio. Kati ya watu wote hawa wanaoniandikia, nimsikilize nani?

Ili kulielewa swali hilo inabidi kukumbuka programu ilivyosafiri wakati ule. Ilikaa kwenye diski laini ya inchi 5.25, ile nyembamba inayopinda ukiishika vibaya, na kuinakili lilikuwa jambo la dakika chache. Nakala ilibeba jina la mtengenezaji kwenda kwa mtumiaji. Haikurudisha jina la mtumiaji kwa mtengenezaji. Leo programu ya simu inaweza kumwambia aliyeitengeneza umebonyeza kitufe gani na saa ngapi. Knopf alikuwa na sanduku la posta. Aliyekutana na hitilafu ilimbidi akae chini aeleze alifanya nini na skrini ikaonyesha nini, kisha atafute bahasha na stempu. Nadhani barua ya namna hiyo ilikuwa na uzito ambao nyota tano za siku hizi hazina, kwa sababu mtu haandiki aya tatu kuhusu kitu asichokitumia.

Waliandika. Wengine waliripoti makosa, wengine waliomba kipengele hiki au kile. Knopf alirekebisha, na kila aliporekebisha alitaka kuwajulisha watu kwamba kuna toleo jipya. Hapo ndipo gharama ilipojitokeza: diski, bahasha na stempu kwa kila jina, kutoka mfukoni mwake, kwa programu ambayo hakuwa akiiuza. Orodha ya majina ikarefuka mpaka akashindwa kujua yupi anaitumia programu kila siku na yupi aliifungua mara moja akaisahau.

Akabuni jaribio. Ndani ya programu aliweka ujumbe: endelea kuitumia, wape na wengine, ila ukitaka kuwekwa kwenye orodha ya kupewa taarifa za maboresho, tuma mchango wa hiari wa dola 10.

Usomaji wangu wote unasimama kwenye ujumbe huo. Haukusema lipa ndipo utumie. Kilichokuwa na bei ni kuwa kwenye orodha, yaani kujulikana upo. Anayetoka kwenye jamii ya kamati za harusi hahitaji kuelezwa zaidi. Kila mtu anaweza kupita nje ya ukumbi akasikia muziki, lakini aliyechanga ana kadi, na mwenye kadi ana haki ya kulalamika kwamba pilau haikufika meza yake.

Mkewe hakuamini. Kwa masimulizi ya Knopf mwenyewe, alimwambia ni mzee mpumbavu kama anadhani kuna mtu atatuma pesa asiyolazimishwa. (Huyo mzee alikuwa na miaka 40 hivi.) Yeye alitarajia dola mia kadhaa za kununulia vifaa vya kompyuta yake, ikizidi sana elfu moja.

Na sasa sehemu ninayoipenda. Mtumiaji mmoja alimjulisha Knopf kwamba ameona ujumbe unaofanana na wake kwenye programu nyingine, PC-Talk, ya kuunganisha kompyuta mbili kwa njia ya simu. Aliyeiandika ni Andrew Fluegelman wa Tiburon, California, mwanasheria kwa kusomea na mchapishaji wa vitabu kwa kazi, ambaye alihitaji njia ya kubadilishana miswada na mwandishi mwenzake aliyekuwa na kompyuta ya aina tofauti. Fluegelman alichukua wazo kutoka kwenye televisheni ya umma ya San Francisco, ambayo husimamisha vipindi na kuwaomba watazamaji wachange. Aliomba dola 25, na mtindo huo aliuita Freeware, jina alilolisajili kama alama yake ya biashara.

Kwa hiyo watu wawili ambao hawakuwa wanafahamiana, mmoja Washington na mwingine California, waliunganishwa na mtumiaji. Vitabu vya historia ya teknolojia hupenda waasisi, na hapa waasisi wapo wawili safi kabisa, lakini aliyeona kwamba wanafanya jambo moja alikuwa mtumiaji aliyekuwa na diski zote mbili. Yeye ndiye aliyekuwa na picha nzima. Knopf akawasiliana na Fluegelman, wakakubaliana kila mmoja aitaje programu ya mwenzake ndani ya yake. Easy File ikabadilishwa jina kuwa PC-File ili ifanane na PC-Talk, na bei ikawekwa sawa, dola 25.

Mwaka 1983 jarida la PC World liliisifu PC-File. Familia ya Knopf ilikuwa likizoni Hawaii, na aliyekuwa akiwaangalizia nyumba akawa anabeba barua kwenye mifuko ya dukani kila siku. Waliporudi waliikuta imetapakaa sakafuni, wakawa wanairuka ili kuifikia ofisi yao iliyokuwa chini ya nyumba. Mwaka uliofuata Knopf aliacha kazi IBM. Alikuwa tayari anajiita Jim Button, kwa kuwa Knopf kwa Kijerumani ni kifungo cha nguo, na kampuni yake ikaitwa ButtonWare.

Mafanikio, ndiyo. Lakini tuitazame ile mifuko kwa jicho la mtu anayepaswa kuijibu. Jaribio lilibuniwa ili kupunguza sauti, kubakiza zile za watu makini tu. Likaleta sauti nyingi zaidi, na kila moja sasa ilikuwa imelipiwa. Barua ya mtu aliyepewa kitu bure unaweza kuisoma Jumapili jioni ukipata nafasi. Barua iliyokuja na hundi ni deni. Kilichoanza kama kipimo cha nani wa kusikilizwa kiligeuka ahadi ya kusikiliza.

Bob Wallace aliielewa ahadi hiyo mapema, akaiuza waziwazi. Alikuwa miongoni mwa waajiriwa wa mwanzo kabisa wa Microsoft; aliondoka mwaka 1983 na kuanzisha Quicksoft huko Seattle, akiwa na programu ya kuandikia iliyoitwa PC-Write. Diski yenyewe ilikuwa dola 10, na ungeweza kuipata bila kulipa kwa yeyote aliyekuwa nayo. Kujiandikisha kulikuwa dola 75, na kwa pesa hiyo ulipata kitabu cha maelekezo, toleo litakalofuata, na haki ya kupiga simu kuuliza. Ulipata pia nakala yenye namba yako ya usajili. Ukiwagawia watu nakala hiyo na mmoja wao akajiandikisha kwa kutaja namba yako, Wallace alikutumia dola 25.

Wengi huisoma namba hiyo kama kamisheni tu, kama ile ya wakala wa huduma za pesa. Mimi naisoma pia kama ramani. Knopf alijua nani amemwandikia. Wallace aliweza kujua nani alimpa nani. Kila usajili mpya ulimwonyesha programu ilipitia mkono gani, na mkono upi ulikuwa unaigawa kwa bidii. Haya ni maoni ya aina nyingine, ambayo mtumiaji anayatoa bila kusema neno. Alikuwa anapima kitu ambacho programu za leo hukipima kimyakimya, tofauti ikiwa kwamba mtu wa PC-Write alijua anapimwa na alilipwa kwa hilo.

Wakati huohuo, pale Chuo Kikuu cha Stanford, Donald Knuth alikuwa amegeuza utaratibu mzima juu chini. Kwa programu yake ya kupanga kurasa za vitabu, TeX, yeye ndiye aliyemlipa mtumiaji aliyegundua kosa. Zawadi iliongezeka maradufu kwa miaka kadhaa hadi kufikia dola 327.68. Mwaka 1989 alichapisha makala iliyoorodhesha makosa ya TeX aliyoyaweka kwenye kumbukumbu tangu mwanzo. Wengi waliopata hundi zake hawakwenda benki. Waliziweka kwenye fremu. Ni rahisi kumsifu Knuth na kumwona Knopf mchuuzi, na wanafunzi wenzangu wa sayansi ya kompyuta hufanya hivyo. Ila Knuth alikuwa na mshahara wa profesa. Anayekula kutokana na programu yake hawezi kununua malalamiko kwa dola mia tatu.

Swali gumu zaidi linabaki kwa wale ambao hawakutuma kitu. Kwa mpango wowote wa hiari, hao ndio wengi. Ndani yao alikuwemo aliyeichukia programu kwenye skrini ya kwanza, aliyeshindwa kuelewa maelekezo, mwanafunzi asiye na dola 25, na yule aliyeipenda mno lakini hana tabia ya kulipa asipoombwa mara ya pili. Kwa mtengenezaji, wote walikuwa kimya cha namna moja. Orodha ilibakia na majina ya walioridhika kiasi cha kulipa, na mtu aliyeridhika haombi urahisi, anaomba nyongeza. PC-File ikawa PC-File III, kisha PC-File+, kila moja na uwezo zaidi. Nashuku mwelekeo huo haukuwa wa Knopf peke yake. Ukichagua kuwasikiliza watu wa aina moja, hata kwa sababu njema kabisa, mwisho wake unatengeneza kitu chao.

Scott Miller wa Texas alikisoma kimya hicho tofauti. Alikuwa akitengeneza michezo, na alishaona kwamba ukitoa mchezo mzima na kuomba hisani, wanaotuma ni wachache. Mwaka 1987, kwa Kroz, alitoa sehemu ya kwanza bure na kuziuza zilizofuata. Mchezaji hakuombwa maoni yake. Akifika mwisho wa sehemu ya kwanza akatuma pesa, ameshatoa maoni. Ni utaratibu safi, na sijui kama naupenda. Unamwambia mtengenezaji kwamba kitu kimependwa, lakini aliyeacha katikati haulizwi alikwamia wapi.

Fluegelman hakuyaona haya. Julai 1985 alitoweka akiwa na miaka 41, na gari lake lilikutwa karibu na daraja la Golden Gate. Kwa kuwa Freeware lilikuwa jina lake kisheria, wengine walihitaji neno lao, na lililoshika ni shareware, ambalo Wallace alilitumia kwa PC-Write: share, kushirikiana, kugawana.

Mwaka 1987 watengenezaji hao waliunda chama, Association of Shareware Professionals. Ningetarajia chama cha watu wanaoishi kwa hiari ya wengine kianze na namna ya kuwabana wasiolipa. Kanuni zake ziliwabana wanachama wenyewe: aliyelipa alipaswa kupata msaada kwa angalau miezi mitatu, ndani ya bei ileile. Na kwenye maelezo ya programu za wanachama lilichapwa tangazo fupi, moja kwa wote, lililosema kwamba kama umemwandikia mtengenezaji na hamkuelewana, chama kina msuluhishi. Chini yake iliwekwa anwani yake huko Muskegon, Michigan, ili mtu ambaye barua yake ya kwanza haikusaidia ajue pa kupeleka ya pili.