Sifa na Deheni: Uhifadhi wa Ubao katika Historia Yetu

Utamaduni wa taifa si ngoma na mashairi peke yake. Mwezi wa Desemba 1962, Mwalimu Julius K. Nyerere alipohutubia kwa mara ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Tangu siku hizo mengi yameandikwa juu ya nyimbo, mavazi na hadithi zetu. Machache yameandikwa juu ya ujuzi wa mikono, ambao aghalabu hukaa kimya ndani ya karakana na ufukoni. Katika makala haya tunakusudia kueleza sehemu moja ya ujuzi huo, nayo ni namna wahenga wetu walivyoulinda ubao wa vyombo vyao usiharibiwe na jua, mvua, wadudu na uzito wa mizigo.

Yafaa kwanza tuwatambue maadui wa ubao. Jua huukausha hata ukapasuka. Mvua hupenya katika nyufa hizo, na ubao uliokaa na unyevu huota kuvu, na hiyo kuvu ndiyo iuozeshayo. Nchi kavu yupo mchwa, na baharini yupo mtoboaji ambaye watu humwita mdudu, ingawa wataalamu wa viumbe wamethibitisha kuwa ni jamaa wa chaza na kome. Huingia kwa tundu dogo mno, kisha akachimba ndani kwa ndani, hata ubao ukaonekana mzima kwa nje, kumbe ndani umekuwa kama sega la nyuki. Mwisho yuko adui ambaye ni kazi yenyewe: miguu ya wachukuzi, mawe, magunia na maboriti, ambayo hula ubao kila siku.

Wahenga walipambana na maadui hao tangu zamani sana. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya 1, kinataja mashua za kushonwa katika bandari ya Rhapta, iliyokuwa katika pwani yetu, na kueleza kuwa mji ule ulipata jina lake kutokana na mashua hizo. Huo ndio ukoo wa mtepe, chombo mashuhuri cha visiwa vya Lamu, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja. Mwaka 1183 msafiri Ibn Jubayr wa Andalusia, alipovuka Bahari ya Shamu, aliviona vyombo vya kushonwa vya namna hiyo, akaandika kwamba vilipakwa samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na kwamba haya ya papa ndiyo yaliyo bora. Sababu aliyoieleza ni kuulainisha ubao ili chombo kisivunjike kikigusa mwamba. Kwa hiyo mafuta hayakuwa pambo. Yalikuwa sehemu ya uundaji.

Mafuta hayo ya papa ndiyo waitayo sifa watu wa pwani. Hutokana na maini ya samaki huyo, nayo hupakwa sehemu za juu za jahazi zipigwazo na jua na mvua. Harufu yake ni kali, na mgeni huziba pua. Lakini nahodha aijuaye bahari huona kuwa chombo kisicho sifa ya mafuta hakitakuwa na sifa ya kudumu.

Sehemu ya chini, ikaayo majini, ilikuwa na dawa yake nyingine. Hiyo ni deheni: shahamu ya mnyama iliyoyeyushwa motoni na kuchanganywa na chokaa. Kazi ya kuipaka ilifuata mwezi wa mbinguni. Wakati wa bamvua, maji yajaapo sana, chombo kilisogezwa juu ufukoni. Maji yalipokupwa kilibaki pakavu, kikategemezwa kwa magadi pande zote mbili. Hapo mabaharia walikwangua makombe madogo yaliyong'ang'ania ubao, kisha wakawasha makuti makavu na kupitisha moto chini ya chombo, ili kumwua mtoboaji na kuukausha ubao. Fundi akakagua viungo. Palipolegea alitia kalafati, yaani pamba iliyochovywa mafuta, akaishindilia kwa chembeu, patasi yake butu. Mwisho deheni ilipakwa kwa mikono mitupu, na maji yalipojaa tena chombo kikaelea.

Sitaha na ngama navyo havikusahauliwa. Mabaharia walimwagia sitaha maji ya bahari, maana waliona kwamba maji ya mvua huozesha ubao upesi kuliko maji ya chumvi. Chini ya shehena walitandika fito na majamvi, ili mzigo usisugue mbao na unyevu wa ngamani usifike kwenye nafaka. Hivyo jamvi, ambalo ni kitu rahisi mno, lililinda ubao na chakula pamoja. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nasi twaongeza kuwa ngama ikioza, hakuna marejeo.

Ujuzi huu haukomei pwani. Leo katika mikoa ya bara tunayaona magari ya kukokotwa na ng'ombe, na matela ya trekta yenye sakafu ya mbao, yakichukua mahindi, pamba na matofali. Maadui ni wale wale, ila aliyetoboa chini ya maji nafasi yake imeshikwa na mchwa. Wenye matela wengi hupaka oili chafu iliyomwagwa kutoka katika injini. Ni kweli kwamba mchwa huikimbia. Lakini oili hiyo ina sumu. Mvua huiosha ikaingia katika udongo na visima, na mahindi yaliyolala juu yake huenda yakaingia jikoni nayo. Yule baharia aliyetandika jamvi alikuwa ameona mbali kuliko sisi.

Wala hatusemi kwamba tela lipakwe sifa. Papa wamepungua mno katika bahari yetu kwa kuvuliwa kupita kiasi, na si busara kumaliza kiumbe kwa ajili ya ubao. Tunachopaswa kurithi ni kanuni. Mafuta yaingie ndani ya ubao, yasikae juu tu. Vichwa vya mbao, mahali penye kunywa maji zaidi, vipakwe kwanza. Mbao za sakafu ziachiwe nafasi ndogo ili maji yapite, na tela liegeshwe kwa mwinamo. Udongo ufagiwe, maana hushika unyevu. Na kazi yote irudiwe kwa majira, kabla ya masika, kama vile deheni ilivyorudiwa kwa bamvua. Kwa mafuta yenyewe, mafuta ya kitani yanafaa. Tena mikoa ya Mtwara na Lindi ina korosho, na katika ganda lake mna mafuta makali ambayo huko Uhindi yametumika kuhifadhi mashua na nyavu. Yanaunguza ngozi, na ayatumiaye hana budi kuvaa glavu. Hata hivyo ni mali yetu wenyewe, ambayo mara nyingi huachwa ipotee.

Hatari iliyopo ni hii. Mashua za faiba zinazidi, na wazee wanaojua kipimo cha shahamu kwa chokaa wanapungua. Mzee mmoja akiondoka, huondoka na kipimo chake, kwa kuwa hakuna aliyekiandika. Twaona ni wajibu wa maafisa utamaduni na walimu wa ufundi kwenda Nungwi, Kilwa, Mafia na Bagamoyo, wakae na mafundi, wanakili majina ya zana, vipimo na nyakati. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tunaouona leo uko katika kumbukumbu yetu, nao unahitaji kalafati mapema, maji yangali yamekupwa.