Kodi na Pango: Historia ya Maneno Mawili

Miongoni mwa istilahi zinazowasumbua wafasiri wa mikataba na wa nyaraka za Serikali, neno "kodi" halina budi kutajwa. Hutumika kwa malipo yaendayo Serikalini, na hutumika pia kwa malipo ambayo mpangaji humpa mwenye nyumba. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi maana hizo zilivyokutana, na kwa nini zinastahili kutenganishwa.

Tuanze na Chumbi, kusini mwa mto Rufiji, kwenye barabara iendayo Lindi. Kwa desturi, mkulima wa sehemu hizo alijenga nyumba ya kuishi, na shambani akainua dungu la kulindia mpunga dhidi ya nguruwe na ndege. Nyumba haikuwa ya kupangisha. Hata hivyo, kuanzia 1898 utawala wa Kijerumani ulitoza kodi kwa kila nyumba, na huko mashamba kiwango kilikuwa rupia 3. Waingereza nao wakaendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa. Basi kwa mzee wa Rufiji, "kodi ya nyumba" ilikuwa kwanza deni la mwenye nyumba kwa Serikali.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Huko Kariakoo, Dar es Salaam, nyumba za Kiswahili zilipangishwa chumba kimoja kimoja, na "kodi ya nyumba" ikawa deni la mpangaji kwa mwenye nyumba. Baada ya Uhuru jambo hili lilipata uzito wa kisiasa. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Na mwaka 1971 Serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ikayaweka chini ya Msajili wa Majumba. Miiko hiyo ya viongozi ililegezwa na Azimio la Zanzibar la 1991, na mtumishi mwenye vyumba viwili vya kupangisha hakuwa tena na sababu ya kuvificha.

Utata wa neno, hata hivyo, umebaki. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anunuapo umeme wa LUKU. Mdaiwa ni mwenye nyumba, lakini anunuaye umeme mara nyingi ni mpangaji. Tuseme mtu wa Chumbi anapangisha vyumba, na mkataba wake wasema: "Mpangaji atalipa kodi ya nyumba." Mpangaji akidai arudishiwe makato, mwenye nyumba atamwonyesha sentensi hiyo, naye mpangaji atajibu kwa sentensi hiyohiyo. Na kwa kuwa mwaka huohuo wa 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, hatuwezi tena kukimbilia Kiingereza kupata ufafanuzi.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika maandishi rasmi "kodi" iachiwe Serikali, na malipo ya mpangaji yaitwe "pango". Atoaye nyumba ni mpangishaji. Akaaye ni mpangaji. Asiyelitaka neno "pango" na afikirie kodi ya zuio inayotozwa juu ya malipo hayo: atalazimika kuiita "kodi ya kodi". Lugha ya mitaani itaendelea na mazoea yake, wala si kazi yetu kuikemea. Lakini mkataba ni mali ya pande mbili, na kila upande una haki ya kujua unadaiwa nini, na nani.