Kalibu ya Risasi na Kasoro ya Taya Zake

Neno "kalibu" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na kwa rai ya wataalamu wengi wa lugha, "calibre" la Kifaransa, lenye kutaja upana wa mtutu, nalo lina asili hiyo hiyo. Katika bunduki za kushindiliwa udugu wa maneno hayo ulikuwa jambo la kufa na kupona.

Mafundi wa Pennsylvania wa karne ya 18 waliuza bunduki pamoja na kalibu yake, kwa kuwa mitutu haikulingana. Kalibu ilikuwa mfano wa koleo: taya mbili zilizounganishwa kwa ribiti, kila moja imechimbwa nusu ya tufe. Tundu lilichongwa kwa keekee ya mviringo, taya zikibanwa polepole juu yake hali inazunguka. Ndiyo sababu nusu zile zilipatana.

Lakini chuma huchakaa. Ribiti ikilegea, taya moja hupanda na nyingine hushuka, na popoo hutoka na kidato kinachoizunguka. Kwa askari wa Kiingereza kasoro hii ilivumilika: mtutu wa Brown Bess ulikuwa na upana wa inchi 0.75, na popoo yake takriban 0.69. Katika bunduki ya mifuo, iliyotaka popoo ibane pamoja na kitambaa chake, kidato chembamba kiliweza kuikwamisha katikati. Na aliyefyatua hali popoo haijafika kwenye baruti alihatarisha mtutu kumpasukia usoni.

Matengenezo yalianza kwa kufuta masizi na chembe za risasi kati ya taya, maana mara nyingi ugonjwa ulikuwa huo tu. Kama sivyo, ribiti iligongwa hata ikakaza. Tundu lililolika lilichongwa upya. Ila asiyetia tupa nyuso za taya kwanza alilipanua, na popoo ikazidi mtutu. Kalibu za bastola za Samuel Colt, katika karne ya 19, zilitiwa kipini katika taya moja, kiingiacho katika tundu la pili, zisihame.

Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, ila uliziachia gumegume zisizo na mifuo. Hivyo kusubu risasi kulidumu Afrika ya Mashariki baada ya majeshi ya Ulaya kuhamia viasi vya shaba, na kalibu ikabaki kifaa cha nyumbani.